Panda Basi, Mollo Niachie Mimi

Sumbawanga, Jumapili alasiri

Mwanangu Agripina,

Kesho panda basi. Nimeliandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu najijua. Nikianza kuzunguka na maneno, tukifika mwisho wa ukurasa nitakuwa nimekushawishi ubaki, na wewe utakuwa unanishukuru kwa kukushawishi.

Umekwenda Izia kumwambia shangazi yako kwamba safari ya chuo imeahirishwa. Sanduku lako bado liko pale mlangoni, maana mama yako amekataa kulirudisha chumbani. Nilipomwambia aliondoe njiani akanijibu, "Aliyelizuia ndiye aliondoe." Basi kila nikipita naliruka kama mlevi anayeruka mfereji. Sasa mama yako naye ameenda jumuiya, nyumba imebaki na mimi na kuku, nikasema niandike kabla hamjarudi. Kwa mdomo siwezi. Ulimi hauna mfupa, na huu wangu umenilisha miaka mingi mpaka siuamini tena.

Mambo ya sweta, ya sabuni, ya nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa huko Mbeya, mama yako amekwambia mpaka umechoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Nianze na jana, maana jana ndiyo inayonichoma.

Mwenyekiti wa chama alikuja na katibu wake, ukawaamkia, ukawapa chai, ukataka kutoka, nikakwambia ukae. Hukujua kwa nini. Mimi nilijua, tulikuwa tumeshazungumza. Mwenyekiti akasema palepale mbele yako, bila hata kupunguza sauti, "Mheshimiwa, tukuambie ukweli, wewe ukipanda jukwaani Mollo watu wanakumbuka mashamba yao. Lakini huyu binti amewafundishia watoto wao miaka miwili. Huyu akisema, watasikia." Akataka kesho usimame mkutanoni uwaambie watu wa Mollo kwamba mbolea ya mkopo inakuja, wasijichoshe na matuta, na kwamba baba yako ndiye anayeifuatilia. Kisha uendelee nasi hivyo hivyo mpaka uchaguzi upite.

Hukumtazama Mwenyekiti. Ulinitazama mimi. Ukauliza, "Baba, mbolea ipo?"

Nikasema, "Inashughulikiwa."

Halafu nikaongeza, kwa ile sauti yangu ya mzaha ambayo umeipenda tangu utotoni, "Pina, chuo hakina miguu. Mwakani utakikuta palepale." Ukasema, "Sawa, baba," ukakusanya vikombe ukaenda jikoni. Wageni walipoondoka mama yako aliniambia neno moja tu, nalo limenizuia kulala. "Umemwazima mtoto kama jembe," alisema. "Na jembe la kuazima unajua linavyorudi."

Mbolea haipo, mwanangu. Haishughulikiwi na mtu yeyote. Hakuna barua niliyoandika, hakuna ofisi niliyoingia. Ni maneno ya kutuvusha mpaka siku ya kura.

Sasa nikueleze nilivyofika hapa, kwa sababu watu watakusimulia, na wengi watakuambia siasa ndiyo iliyoniharibu. Ningependa iwe hivyo. Lakini mimi nilianza kuharibika nikiwa na chaki mkononi, na wewe unakwenda kuishika chaki hiyohiyo.

Nilikuwa mwalimu mzuri. Nalisema bila haya, kwa sababu hakuna kingine maishani ninachoweza kukisema hivyo. Nilifika Mollo kijana mwembamba, suruali moja ya darasani na moja ya kanisani. Asubuhi nilifundisha watoto, jioni nikafundisha wazazi wao kusoma na kuandika. Osward, huyu baba yake Skola mwanafunzi wako, alikaa dawati la mbele asubuhi, na jioni baba yake mzazi alikaa dawati hilohilo, magoti yakigonga juu. Kijiji kikiwa na mtu mmoja anayejua kusoma makaratasi ya serikali, mtu huyo anaulizwa kila kitu. Mke amerudi kwao, kamuulize Mwalimu. Ng'ombe amevimba tumbo, kamuulize Mwalimu. Nilijibu yote. Yule ng'ombe nilisema apewe maji ya majivu, akafa, na mwenyewe akasema siku yake ilikuwa imefika. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu mapema, kwa ng'ombe.

Nilidhani mwalimu haruhusiwi kusema sijui. Nilidhani nikilisema mara moja tu, darasa zima litasimama na kutoka nje. Kwa hiyo nilijizoeza kuwa na jibu, na jibu likishatoka nililipenda kwa sababu ni langu.

Ndipo ikaja mbolea ya ruzuku. Wakati ule Mollo yote ililima ntumba, yale matuta yetu ya duara: unakata majani marefu mvua zikiwa zinaelekea mwisho, unayafukia chini ya udongo, yanaoza humo kiangazi chote, na mvua mpya zikija unalivunja tuta na kupanda. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Mwili wako unalijua tuta hata miaka kumi baadaye. Bwana shamba alileta mifuko, tukaitia kwenye shamba la shule, na mahindi yakatoka makubwa kama mkono wa mtu mzima. Siwezi kukudanganya kwamba yalikuwa mabaya. Yalikuwa mazuri, na serikali ikayanunua yote. Ghala la ushirika likajaa, magunia mengine yakalala nje chini ya turubai. Nikasimama mbele ya wazazi nikiwa nimeinua kidole, nikawaambia ntumba ni kazi ya babu zao, waiache ipumzike. Waliicheka ntumba pamoja nami, wazee kwa vijana, na kwa nini wasicheke? Rika la Osward wakawa watu wazima, wakaoa, wakazaa, bila kulima tuta hata moja.

Mtu aliyewapa mahindi yale, nani angemnyima udiwani? Walinipendekeza wenyewe. Tukahamia huku mjini, nikashona kaunda suti, nikaitwa Mheshimiwa. Nilipenda. Usimsikilize mwanasiasa anayekuambia aliburutwa. Nilipenda watu wainuke nikiingia, nikapenda kiti cha mbele msibani na harusini. Mama yako alinicheka, akasema hata nikiomba chumvi naiomba kwa hotuba. Lakini watu wa Mollo waliendelea kuniita Mwalimu. Nilidhani ni mazoea tu ya kijijini, na siri moja nikuambie, ilinikera.

Kisha mambo yakabadilika, na wewe unakumbuka yalivyobadilika kwa upande wa raha: sabuni na sukari vikajaa madukani, mitumba ikamwagwa sokoni, malori ya watu binafsi yakaanza kupanda mpaka vijijini. Upande mwingine wa mabadiliko tulisomewa sisi kwenye baraza la madiwani. Tukaambiwa ruzuku inaondoka. Mbolea itauzwa dukani kwa bei ya mwenye duka, na mahindi yatanunuliwa na atakayependa, akipenda. Ofisa wa serikali alilisoma tangazo hilo bila haraka, akafunika kalamu yake. Diwani mwenzangu akauliza kama tuwaambie wananchi. Akajibiwa kwamba kila mmoja wetu anawajua watu wake, atajua namna ya kuwaambia.

Ilikuwa majira kama haya. Jumamosi yake nikaenda Mollo. Mvua ilikuwa imekatika mchana huo, majani yanafika kifuani, ardhi inanuka vizuri. Nilihutubia, wakapiga makofi, na Osward akanyanyua mkono kama alivyonyanyua darasani.

"Mwalimu," alisema, "hatuna maneno mengi. Mbolea ya mwaka jana ilichelewa, ya mwaka huu hatujaisikia kabisa. Tulime ntumba, au tungoje?"

Wewe umekaa Mollo, unajua uzito wa swali hilo. Majani yakiwa marefu na udongo una unyevu, unalima. Ukipitisha majuma machache tu jua linaibana ardhi, jembe linaruka juu, na mwaka wako umekwisha hapohapo. Huwezi kubadili mawazo mwezi wa sita. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa mwaka mzima wa kijiji kizima.

Nami jibu nililijua, Pina. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Lakini kusema "limeni" kulikuwa ni kusema mkono uliowalisha umerudishwa mfukoni, na mkono huo walioujua wao ulikuwa mimi. Uchaguzi ulikuwa mwaka uleule, na kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akininyemelea. Nikainua kidole.

"Ngojeni," nikasema.

Wakapiga makofi tena. Osward akakaa chini anatabasamu, kwa sababu nilikuwa nimemwokoa na kazi ya kuvunja mgongo.

Wakangoja. Mvua ikaisha, ardhi ikawa tofali. Wakapiga kura, nikashinda, tukachinja mbuzi hapa uani, wewe ulikuwa shule ya bweni. Mvua mpya zilipoanza ndipo mbolea ikaonekana, dukani huku mjini, kwa mfanyabiashara. Niliwaona watu wa Mollo kwa macho yangu. Walikuja, wakaishika ile mifuko, wakaipapasa, wakauliza bei, wakaondoka bila kubishana. Nilivuka upande wa pili wa barabara wasinione. Mahindi yao yalifika magotini, yakawa ya njano, yakasimama hapo.

Mtoto mdogo wa Osward, aliyemfuatia Skola, alifariki njaa ilipokolea. Waliandika surua, na surua kweli ilikuwepo. Lakini mimi nilimwona yule mtoto kabla hajafunikwa. Mikono ile, mwanangu. Sitakuelezea mikono ile.

Na nilihutubia. Msibani! Walinipa nafasi kama diwani, nikasimama, nikazungumzia mshikamano. Nilipomaliza, Osward akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante kwa kuja, Mwalimu," akasema. Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige kofi mbele ya watu ili niwe na kitu cha kukasirikia. Nilirudi nyumbani sikula. Kesho yake nikala, na nakuambia hili la pili kwa sababu ndilo linalonitisha zaidi: nilikula, nikaenda kikaoni.

Sijamwomba msamaha mpaka leo. Nimemnunulia pombe, nimempeleka mkewe hospitali kwa gari la halmashauri, nimemfanyia kila kitu kasoro hicho.

Halafu wewe, umemaliza shule, hakuna aliyekutuma, ukaenda kujitolea kufundisha Mollo. Nilidhani unanitia aibu. Kumbe ulikuwa unapenda tu kufundisha. Umemfundisha Skola kusoma. Na juma lililopita, tunakula, ukasema kwa furaha kabisa kwamba wazazi walikusimamisha njiani, Osward akiwa mbele, wakakuuliza, "Mwalimu Pina, mwaka huu tulime au tungoje?" Ukasema, "Nikawaambia sijui, nitamuuliza baba."

Nilijifanya sijasikia. Nikaomba chumvi. Lakini nilikuwa nimesikia mambo mawili. La kwanza, kwamba binti yangu amesema "sijui" mbele ya watu wazima na hakuna aliyeondoka, ila walikusubiri. Miaka yote ile, mimi nikiogopa neno hilo kama nyoka! La pili, kwamba watu wa Mollo wamekuamini wewe kama walivyoniamini mimi zamani. Kwa la kwanza ningepaswa kulia kwa furaha. Nilichofanya ni kulichukua lile la pili na kulipeleka kwa Mwenyekiti. Ni mimi niliyempelekea, Pina. Ile safari yao ya jana niliiomba mimi.

Ukisimama kesho ukasema wangoje, watangoja. Hawatangoja kwa ajili ya chama wala kwa ajili yangu, watangoja kwa ajili yako. Na jua likishaibana ardhi, utabaki na kitu ambacho hata ukienda vyuo vyote vya nchi hii hakitakutoka. Mimi ninacho. Huwa kinanijia hata nikiwa nacheka.

Siku moja unaweza kuingia siasa wewe mwenyewe. Sitakukataza. Nimekuona unavyosimama mbele za watu, una kipaji, na nchi inahitaji watu wenye kipaji. Pengine wewe utaweza kuwa diwani na mwalimu kwa wakati mmoja, mimi nilishindwa. Ila usiingie kwa kubebwa mgongoni mwangu, na neno lako la kwanza lisiwe langu.

Najua utajiuliza itakuwaje kwangu. Nami najiuliza. Nikishindwa safari hii sijui narudi kuwa nani. Nafasi yangu shuleni ilishajazwa, shamba la Mollo nilishawaachia wengine, hapa mjini jirani ananisalimia kwa sababu ya cheo. Naogopa, mwanangu. Na kusema kweli, pengine kuna njia ya katikati. Si lazima useme lolote kuhusu mbolea. Ungesimama tu pembeni yangu, ukawasalimia, wakakuona, ukakaa majuma mawili hivi, basi la Mbeya lipo kila siku, na mkuu wa chuo naweza kumwandikia mimi mwenyewe akakuelewa, tena

Unaona? Nimeanza tena. Sikuwa hata nimekusudia. Sifuti, nayaacha hapo juu uyasome, ili ujue namna sauti hiyo inavyokuja: inakuja taratibu, ina huruma, ina mpango mzuri, na inaanza na "kusema kweli."

Sikiliza basi nilivyoamua, kama kuamua ndiko huku. Mkutano wa Mollo ni kesho asubuhi, saa ileile basi lako linapoondoka. Nitachukua baiskeli kabla hakujapambazuka, Mwenyekiti asinipitie na gari. Nitasimama palepale niliposimama mwaka ule. Nataka kuwaambia kwamba mbolea haipo na haitakuja, kwamba mwaka ule nilijua, na kwamba majani bado ni marefu na udongo bado ni laini, wakalime ntumba leo hii, wasinisikilize tena baada ya hapo. Chama kitanivua cheo. Pengine watu watanifukuza kwa mawe, au Osward hatimaye atanipiga lile kofi. Pengine watanisikiliza kimya wakaondoka na majembe. Sijui. Ona, nimeliandika: sijui.

Lakini usinisifu bado. Muda mfupi uliopita nimetoka uani nikajaribu kuyasema maneno hayo kwa sauti, mbele ya kuku. Nilipofika kwenye mbolea, mdomo wangu ukasema inashughulikiwa.

Kwa hiyo barua hii nampa mama yako akukabidhi leo hii ukirudi, nami nitakuwa nimeshatoka nikalale kwa rafiki yangu, tusionane. Nisamehe kwa hilo, ni kukuaga kubaya. Mama ndiye atakayekusindikiza alfajiri. Ukishakaa kwenye kiti chako chungulia nje. Usiponiona popote, jua niko njiani kwenda Mollo, uniombee. Lakini ukiniona nakuja mbio katikati ya mabasi, nimevaa suti, nakupungia mkono na kuliita jina lako, jua kwamba Mollo sikufika. Nitakuwa na sababu nzuri sana. Nitakuwa nalia pia, na machozi hayo yatakuwa ya kweli.

Usishuke.

Baba yako